Uzee wa Mto

Katika madarasa ya jiografia ya Afrika Mashariki, mto hufundishwa kama wasifu wa mtu. Huzaliwa mlimani, ujanani huwa na papara, ukiruka maporomoko na kuchimba mabonde membamba, hufikia utu uzima pale mteremko unapopungua, kisha huzeeka tambarareni, ukienda polepole na kupinda huku na huku, hadi unapoishia baharini. Mchoro wenyewe ni mwepesi, na wengi waliopita katika madarasa hayo wangali wanaweza kuuchora, wawe Mombasa, Muscat au Minneapolis. Hukaa akilini kwa sababu humpa mwanafunzi kitu anachokijua tayari, yaani maisha ya binadamu, kama kipimo cha kitu asichokijua. Lakini kipimo hicho kina athari yake. Kinamzoeza msomaji kuona kupinda kama dalili ya kuchoka, na kuona bonde la chini la mto, pamoja na watu wanaoishi humo, kama mahali ambapo mambo yamekwisha.

Picha hiyo ina asili inayojulikana. Mwaka 1899 William Morris Davis, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha makala juu ya kile alichokiita mzunguko wa kijiografia. Humo ardhi huinuliwa, huchongwa na maji, hulika, na hatimaye husawazishwa. Naye akazigawa hatua hizo kwa majina ya umri: ujana, ukomavu, uzee. Davis alikuwa akisimulia maisha ya nchi nzima, milima na mabonde yake, na mto ulikuwa mhusika mmoja tu ndani ya simulizi. Vitabu vya shule vilivyofuata vilifupisha, kama ilivyo kawaida ya vitabu vya shule, na umri wa nchi ukawa umri wa mto. Hapo ndipo vizingo vikageuzwa kuwa mvi.

Hata hivyo, maji yenyewe hayaufuati mpango huo. Juu ya barafu za milimani na za ncha za dunia, kiangazi kinapoyeyusha uso wa barafu, hutokea vijito visivyozidi umri wa majuma machache, na vijito hivyo hupinda. Katika malisho ya juu milimani, karibu kabisa na chemchemi, vijito vyembamba hujikunja nyasini kabla havijapata nafasi ya kuchoka. Hata mikondo ya baharini, isiyo na kingo za udongo, huzingazinga. Kupinda basi hakungoji uzee. Hutokea mahali popote maji yanapokwenda yakiwa na uhuru kiasi wa kuchagua upande.

Lugha nyingi za Ulaya hukiita kizingo kwa jina la mto mmoja wa Anatolia, ule ambao Wagiriki wa kale waliujua kama Maiandros na ambao Waturuki wa leo wanauita Büyük Menderes. Zimeazima jina la mahali. Kiswahili kimechukua neno lake kutoka kwenye kitenzi: kizingo hutokana na kuzinga, yaani kuzunguka. Jina linataja tendo, na hilo linamsaidia anayetaka kuelewa kinachotokea, kwa kuwa kizingo kinaendelea kutendwa kila siku maji yanapopita.

Namna kinavyotendwa inaweza kuonekana ndani ya kikombe. Majani ya chai yakitiwa katika maji na kukorogwa kwa kijiko, mtu angetarajia yatupwe pembeni, kwa kuwa kila kinachozungushwa husukumwa nje. Badala yake, mwendo unapopungua, majani hukusanyika katikati ya kitako. Albert Einstein aliutumia mfano huo katika makala fupi ya mwaka 1926 kueleza vizingo vya mito, na nusu karne kabla yake, mwaka 1876, James Thomson alikuwa amekwisha kueleza jambo hilo hilo kwa mito yenyewe. Maji ya juu, yasiyozuiwa na kitu, huenda kasi na kusukumwa nje kwa nguvu, hata yakarundikana kidogo upande wa nje. Maji ya chini hukwaruzana na kitako, hupungua kasi, na hayawezi kuushinda mrundikano huo. Hivyo husukumwa kurudi ndani, yakichukua majani pamoja nayo.

Katika kizingo cha mto hutokea vivyo hivyo. Maji ya juu huelekea ukingo wa nje, huzama hapo, kisha hurudi chini kwa chini kuelekea ukingo wa ndani. Mto haujongei mbele tu. Unajisokota kama kamba wakati huo huo. Ukingo wa nje, unaopigwa na maji yaendayo kasi, huchimbwa miguu hadi ukaporomoka. Ukingo wa ndani, ambako maji ni ya kina kifupi na yamelegea, hupokea mchanga na tope. Mpindo mdogo ulioanzishwa na gogo lililoanguka, au na mahali penye udongo laini, humpa mto sababu ya kupinda zaidi, na kupinda zaidi humwongezea nguvu ya kuendelea kupinda. Haba na haba hujaza kibaba. Na vipimo vyake ni vya kushangaza kwa uthabiti wake: Luna Leopold na M. Gordon Wolman, waliolinganisha mito mingi miaka ya 1950 na 1960, waliona kwamba umbali kutoka kizingo kimoja hadi kingine cha upande ule ule huwa, kwa kadiri, mara 10 hadi 14 ya upana wa mto, liwe jito kubwa kama Mississippi au kijito cha kurukwa kwa hatua moja.

Liko jambo moja ambalo mchoro wa shuleni hulificha. Mchoro huonyesha ukingo mmoja ukiliwa na ukingo wa ng'ambo ukilishwa, kana kwamba udongo umevuka kutoka kwa huyu kwenda kwa jirani yake anayemtazama. Aghalabu hauvuki hivyo. Udongo ulioporomoka huchukuliwa na mkondo, ukateremka, na sehemu yake kubwa ikatua kwenye ukingo wa ndani wa kizingo kinachofuata au cha baada yake, mara nyingi upande ule ule ulikotoka. Anayepoteza shamba na anayepata shamba, kwa hiyo, huenda wasionane kamwe. Kati yao kuna vizingo kadhaa, na pengine vijiji kadhaa.

Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, ni mahali pazuri pa kuyasoma haya kwa ukubwa wake halisi. Huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambako sehemu yake ya juu hujulikana kama Sagana, hupita katika magenge na maporomoko, hujipinda kwa upinde mkubwa kuelekea mashariki, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 1,000 huingia Bahari ya Hindi. Garissa, ambako tambarare imekwisha kutawala, iko mita zipatazo 150 tu juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi pwani ni kama kilomita 250 kwa mstari ulionyooka. Mteremko huo ukigawanywa kwa umbali huo, mto unashuka sentimita 60 kwa kilomita. Nao haupiti katika mstari ulionyooka. Kwa kuzunguka huurefusha mwendo, na kwa kuurefusha mwendo huupunguza mteremko zaidi, mpaka nguvu ya maji ilingane na mzigo wa tope yanayoubeba. Vizingo ni njia ya mto ya kusawazisha hesabu hiyo.

Kando ya vizingo hivyo wamekaa Wapokomo, wakulima ambao kalenda yao ilikuwa mafuriko. Mto hufura mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Maji hutanda bondeni, hushuka, na kuacha ardhi iliyolowa na tope jipya, ambamo hupandwa mpunga, mahindi na ndizi. Vijiji hukaa juu ya kingo zilizoinuka, ambazo mafuriko yenyewe yamezijenga kwa kuangusha mchanga mzito karibu na mto kabla ya kupeleka tope jepesi mbali. Waorma, wafugaji, huja na ng'ombe wao bondeni wakati wa kiangazi, na njia zao za kuyafikia maji, zinazoitwa malka, hupita kati ya mashamba. Kwa watu wote hawa, mto unaokaa mahali pamoja si mto wanaoujua.

Kizingo kikizidi kukua, shingo ya ardhi kati ya mwanzo na mwisho wake hupungua mwaka hadi mwaka, mpaka mafuriko makubwa yanapoikata. Mto hupata njia fupi, na kile kizingo cha zamani huachwa pembeni. Tope huziba ncha zake mbili, nacho hubaki ziwa lenye umbo la mwezi mchanga. Bonde la Tana ya chini limejaa maziwa yaliyoachwa na mto kwa namna hii na nyingine. Katika mafuriko hupokea maji mapya na samaki wapya. Maji yakishuka, huwa hazina ya kambare na kamongo. Yakikosa mafuriko kwa miaka, hufa kwa tope na majani, yakawa kinamasi, kisha nyika. Hayo ndiyo makovu yanayoonekana kutoka angani: miezi iliyopaliliwa, miezi iliyooteshwa msitu, miezi iliyokauka.

Msitu wenyewe hutegemea kuhama kwa mto. Mchanga mpya wa ukingo wa ndani huoteshwa kwanza nyasi na miche ipendayo jua, pamoja na mti adimu, Populus ilicifolia, unaohitaji mchanga mtupu uliolowa ili uanze maisha na ambao wakazi wamekuwa wakichongea mitumbwi. Kadiri mto unavyosogea mbali, miti mingine hufuata, na mikuyu hutanda. Katika vipande vya msitu huu, na si kwingineko duniani, wanaishi mbega mwekundu wa Tana na nyani aitwaye mangabe wa Tana. Kwa ajili yao hifadhi ilianzishwa mwaka 1976. Hifadhi ina mipaka ya kisheria iliyosimama, ilhali kilichoustawisha msitu ni mto usiosimama. Mto ukizuiwa kula msitu wa kale upande mmoja, huzuiwa pia kuandaa mchanga wa msitu mpya upande mwingine.

Si kila mabadiliko ya Tana yaliyofanywa na maji peke yake. Katika karne ya 19, utawala wa Witu ulichimba mfereji, maarufu kwa jina la Belazoni, ili mitumbwi ipite kutoka Tana hadi Mto Ozi bila kutokea baharini. Ozi ni jina linalojulikana na wasomaji wa fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa masimulizi ya Fumo Liongo yanafungamana na sehemu hizo, na mapokeo huliweka kaburi lake Kipini au karibu yake. Maji hufuata mkondo, wahenga walisema. Hapa yalifuata mkondo uliochongwa kwa jembe. Baada ya muda Tana iliupendelea mfereji, ikaupanua, ikauacha mlango wake wa zamani upande wa kusini-magharibi, na leo inatokea Kipini kwa njia ya Ozi. Njia ya mitumbwi imekuwa mto, na mto wa zamani umekuwa mkono uliodhoofika.

Badiliko kubwa zaidi lilifanyika juu, mbali na macho ya watu wa bondeni. Kati ya 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano mfululizo kwenye sehemu ya Tana yenye maporomoko: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Yameipa Kenya umeme kwa miongo mingi, na hilo si jambo dogo. Masinga, lililokamilika mwaka 1981 na lenye ziwa kubwa kuliko mengine yote manne, lilikusudiwa pia kuyashika maji ya masika ili yatolewe kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kwa mtambo wa umeme, mto mzuri ni mto ulio sawa mwaka mzima. Kwa shamba la mpunga lililo mamia ya kilomita chini yake, mto ulio sawa mwaka mzima ni mto usiofika shambani.

Maji yakiingia ziwani hutulia, na maji yakitulia huangusha mzigo wake. Udongo mwekundu unaotoka kwenye mashamba ya miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya, uliokuwa ukisafiri hadi pwani, sehemu yake kubwa sasa hutua katika mabwawa na kuyapunguzia nafasi. Hapa mchoro wa shuleni unapinduka kabisa. Kile kilichoandikwa kuwa tendo la uzee, yaani kusimama, kuangusha tope, kujenga delta, kinatendeka katika nchi ya magenge na maporomoko, ambako mto ulipaswa kuwa kijana. Na kule chini, ambako unadhaniwa kuwa mzee, bado unafanya kazi: unakula kingo zake na kujipatia humo tope jingine, kwa sababu maji yaliyopunguziwa mzigo huwa na nguvu ya ziada ya kuchimba. Kama kuna uzee katika Tana, hauko katika vizingo vyake. Uko mahali maji yalipokatazwa kuchukua na kutoa.

Athari zake zinasomeka katika mambo ya kawaida. Mafuriko ya kadiri, yale yaliyokuwa yakilowesha mashamba na kujaza maziwa, yamepungua. Makubwa kupita kiasi, kama yale ya 1997 na 1998, bado huja, na huja yakibomoa. Maji ya chumvi yamepanda mto kutoka Kipini na kuharibu mashamba ya Ozi. Malisho ya kiangazi yanapobana, mkulima na mfugaji hukutana mahali pafinyu kuliko zamani. Delta ya Tana iliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Katika mwaka huo huo yalizuka humo mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, na kufikia mapema 2013 watu zaidi ya 100 walikuwa wameuawa. Siasa na silaha zilikuwa na sehemu yao, na haifai kuubebesha mto dhambi za watu. Lakini ugomvi ulihusu ardhi na maji, na katika bonde hilo ardhi na maji ni kitu kimoja kinachobadilisha umbo.

Hata mipaka ya utawala imeingia katika fumbo hilo. Kati ya Kaunti ya Garissa na Kaunti ya Tana River kumekuwa na ubishi wa muda mrefu: wapo wanaoshikilia kwamba mpaka ni mto wenyewe, na wapo wanaoshikilia kwamba mpaka uko maili tatu mashariki ya mto. Kwa vyovyote vile, kipimo kinaanzia kwenye kitu kinachohama. Shamba lililokuwa ng'ambo hii linaweza kuamka ng'ambo ya pili baada ya usiku mmoja wa mafuriko, bila mwenyewe kutia mguu majini. Utaratibu wa zamani wa vijiji ulikuwa na namna ya kuzungumzia jambo hilo, kwa kuwa ulilitarajia. Hati yenye alama za mawe na vipimo haina namna hiyo.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kulitazama bonde hili. Wanaisimu huiweka lugha yao katika kundi liitwalo Sabaki, pamoja na Kipokomo, Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilieleza kwa kina katika kitabu chao cha 1993. Sabaki ni jina la mto, ule unaoingia baharini karibu na Malindi. Kielwana na Kipokomo husemwa kando ya Tana. Lugha inayosemwa leo kutoka Lubumbashi hadi Muscat ina ndugu zake wa karibu katika nchi ya vizingo, na wao wameathiriwa na mabwawa na ukame kwa namna ambayo msemaji wa mjini hakulazimika kuijua. Kijiji kikihama kwa kukosa mafuriko, lahaja nayo huhama, au hunyamaza.

Aliye mbali huwa na mwelekeo wa kuukumbuka mto kama alivyouacha. Ramani iliyotundikwa ukutani inamuunga mkono, kwa kuwa wino hauhami. Ipo ramani ya namna nyingine. Mwaka 1944 mwanajiolojia Harold Fisk alichora, kwa ajili ya jeshi la uhandisi la Marekani, mfululizo wa ramani za Mississippi ya chini, ambamo kila njia ya zamani ya mto ilipewa rangi yake. Zikitazamwa, ni vigumu kusema mto uko wapi. Bonde zima ni mto, kwa zamu. Tana inaweza kusomwa vivyo hivyo na yeyote mwenye subira, kwani picha za satelaiti za Landsat zinaanzia mwaka 1972 na ziko wazi kwa umma. Kuanzia Garissa hadi Garsen vizingo vinaonekana vikisogea mwaka kwa mwaka, shingo zikikatika, miezi ya maji ikiachwa kando.

Mipango ya bwawa jingine kubwa, High Grand Falls, imejadiliwa kwa miaka mingi, na hoja za umeme na umwagiliaji zina uzito wake. Wanaozitoa hutakiwa kueleza ni megawati ngapi zitapatikana na ni hekta ngapi zitalimwa. Swali la watu wa chini ni jingine, nalo linaweza kuulizwa kwa vipimo vile vile: ni kiasi gani cha tope kitapita, na mafuriko ya masika yatapanda kingo kwa siku ngapi. Mto uliofundishwa shuleni kuwa mzee hauwezi kuombewa vitu hivyo, kwa sababu mzee hutazamiwa apumzike. Tana haikupumzika. Kila masika inapopata maji ya kutosha, ukingo wa nje hudondoka, na vizingo kadhaa chini yake mtu asiyemjua mwenye shamba lile hukuta mchanga mpya, bado umelowa, ambao hakuna aliyeupanda.